Kutunza na kusoma vitabu na nyaraka za Vita vya Kagera

Karatasi nyingi za vita vya 1978–79 kati ya Uganda na Tanzania bado ziko majumbani, kwenye masanduku ya bati na juu ya makabati, kuanzia Mutukula na Kyotera hadi Masaka, Mbarara na Kampala. Kuna magazeti, barua za ofisi, risiti za kodi, nakala za Gazeti la Serikali, vitabu vilivyochapishwa mara tu baada ya vita, na picha. Kinachozimaliza mara nyingi ni mkono wa mtu aliyetaka kuziokoa. Hati iliyopelekwa dukani ikalaminetiwa, gazeti lililozibwa kwa selotepu na barua iliyoanikwa juani zimeharibiwa kwa upendo, na haziponi tena. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutofanya jambo lolote usiloweza kulirudisha nyuma.

Kabla ya kufungua bunda

Usianze kupanga. Bunda lililofungwa na karani wa 1979 lina mpangilio wake, na mpangilio huo ni ushahidi: barua isiyo na tarehe inayokaa kati ya mbili zenye tarehe tayari imekuambia iliandikwa lini. Lipige picha likiwa bado limefungwa, kisha kila karatasi inapotoka iandikie namba ndogo kwenye kona ya nyuma kwa penseli laini ya 2B. Usitumie kalamu ya wino, maana wino hupenya upande wa pili na haufutiki. Bahasha na jalada pia ni nyaraka, nazo zipewe namba.

Nawa mikono na uikaushe vizuri. Glavu za kitambaa hatuzipendekezi kwa karatasi, kwa sababu kidole kilichovikwa hakihisi ukingo uliochanika na hujikuta kikiuchana zaidi. Glavu ni za picha na negativu.

Unyevu, ukungu na wadudu

Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu huota, na msimu wa mvua wa Machi hadi Mei hufika huko bila shida. Karatasi iliyolowa ina takriban saa 48 tu kabla ukungu haujaanza. Itandaze mezani kivulini, weka karatasi nyeupe za fotokopi chini yake na kati ya kurasa, zibadilishe kila zikilowa, na uelekeze feni ukutani ili hewa izunguke bila kupeperusha kitu. Usiikaushe kwa pasi wala juani. Zitazame hasa barua zenye mihuri ya zambarau: wino wa muhuri huyeyuka kwa maji, kwa hiyo karatasi yenye muhuri haifutwi kwa kitambaa chenye unyevu hata kidogo. Doa la chai ni afadhali libaki kuliko muhuri kupotea.

Ukungu uliokwisha kukauka na kuwa unga huondolewa nje ya nyumba kwa brashi laini ya rangi, ukifagia kutoka katikati kwenda ukingoni, huku umevaa barakoa inayokaza usoni. Ukiwa bado unateleza, usiuguse. Kausha kwanza, la sivyo utaupaka ndani ya nyuzi za karatasi.

Kwa mende, wadudu wadogo wala karatasi na mayai yao, dawa ya kupuliza huacha madoa. Tia kitabu ndani ya kaveera (mifuko ya plastiki) mbili, toa hewa, ziba kabisa, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Friza ya nyumbani isiyobaridi kiasi hicho ipe wiki tatu. Ukikitoa, kiache ndani ya kaveera saa 24 kabla ya kufungua, kwa sababu kikifunguliwa kikiwa baridi kitatoa jasho. Picha na negativu usizitie friza. Mchwa ni suala la mahali tu: sanduku lisiguse sakafu wala ukuta. Liinue juu ya matofali, angalau sentimita 15.

Pini, selotepu, lamineti

Pini yenye kutu haivutwi. Pitisha kipande chembamba cha plastiki kati ya pini na karatasi upande wa mbele, kingine upande wa nyuma, fungua miguu ya pini kwa kisu butu, kisha isukume itoke ilikoingilia. Ikiwa kutu imeshikamana na karatasi, iache. Rababendi iliyokauka ikatwe kwa mkasi, isinyooshwe.

Selotepu ya zamani iliyojibandua yenyewe inaweza kuinuliwa, iliyoshika iache. Ukihitaji kuunga mahali palipochanika, tumia karatasi nyembamba na gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa, nyepesi kama uji wa mtoto, kwa ukanda usiozidi nusu sentimita. Kwa magazeti, afadhali usiunge kabisa: yatie kati ya karatasi mbili nyeupe, kwenye folda. Karatasi ya gazeti hubeba asidi yake yenyewe, huwa njano kisha hukatika kwenye mikunjo, na ikigusana na barua nzuri huiachia rangi yake. Karatasi za stensili ni hivyo hivyo, na ofisi nyingi za wakati huo zilizitumia. Zitenganishe na nyingine.

Kupiga picha

Simu yenye kamera ya megapikseli 12 inatosha ukurasa wa A4: pikseli 4000 kwenye urefu wa sentimita 29.7 ni zaidi ya nukta 300 kwa inchi. Gazeti kubwa lipige vipande vinne vinavyopandana kidogo, pamoja na picha moja ya ukurasa mzima. Tumia mwanga wa dirisha usio wa jua moja kwa moja, zima flashi, weka rula ndani ya picha. Nakala za kaboni zilizofifia huonekana zaidi mwanga ukitoka upande mmoja, chini. Piga pia nyuma ya kila karatasi, hata ikiwa tupu. Jina la faili lianze na tarehe, mwaka mbele: 1979-04-13, kisha namba ya penseli. Hifadhi nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba.

Kusoma na kupima ukweli

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Hati ya vita huwa na upande, na hata hati halali inaweza kuwa na uongo ndani yake. Serikali ya Amin ilidai Oktoba 1978 kwamba Tanzania ndiyo iliyovamia kwanza. Majeshi yake yaliingia kwa nguvu kaskazini mwa mto Kagera mwishoni mwa mwezi huo, na tarehe 1 Novemba akatangaza eneo hilo kuwa la Uganda. Hotuba ya Nyerere ya tarehe 2 Novemba ndiyo jibu. Ukiwa na gazeti la Voice of Uganda la juma lile, tafuta na Uhuru la Dar es Salaam, uyaweke ubavuni, ukiandika tarehe ya tukio mbali na tarehe ya gazeti.

Ramani nayo isomwe kwa makini. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 uliweka mpaka kwenye mstari wa digrii 1 kusini, lakini mto umepinda na kushuka kusini mwa mstari huo. Ardhi iliyo kati ya mto na mstari ni ya Tanzania, na ndiyo iliyovamiwa. Hati inayosema "mpaka wa mto" inatoa hoja ya kisiasa. Haielezi mpaka wa kisheria.

Kwa kupima tarehe, majina ndiyo kipimo kizuri. Mkoa wa Ziwa Magharibi wa Tanzania ulipewa jina la Kagera mwaka 1979, baada ya mapigano kuhama; barua ya Novemba 1978 yenye kichwa cha "Mkoa wa Kagera" itilie shaka, huenda ni nakala iliyochapwa upya. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Yusuf Lule aliapishwa tarehe 13 Aprili na kuondolewa tarehe 20 Juni, kwa hiyo sahihi yake kama rais haiwezi kuwa nje ya siku hizo. Baada yake ni Godfrey Binaisa. Chama cha UNLF (Uganda National Liberation Front, umoja wa wapinzani wa Amin) kilizaliwa kwenye mkutano wa Moshi wa Machi 1979, hivyo hati ya Januari yenye jina hilo ina tatizo. Sheria za Amin zilitolewa kama dikrii, yaani amri za rais. Baada yake utakuta Legal Notice (tangazo la kisheria) namba 1 ya 1979. Lakini kichwa cha barua peke yake kisikuhukumie jambo: karani aliyeishiwa karatasi aliendelea kutumia zile za serikali iliyopita, akikata jina kwa mstari. Mstari huo wa kalamu ni ushahidi wa kweli kabisa, na mtu anayesafisha hati ndiye wa kwanza kutaka kuufuta.

Usiweke yote hadharani

Orodha za watu, hasa zinazohusu State Research Bureau (polisi wa siri wa Amin) au madai ya mali, zina majina ya waliohai na watoto wao. Hizo zisiende kwenye mitandao. Karatasi zilizotoka ofisi ya umma zinaguswa na sheria ya Uganda ya kumbukumbu na nyaraka ya taifa ya 2001, kwa hiyo zisiuzwe kwa wakusanyaji wa nje; wasiliana na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Wandegeya, Kampala. Karatasi za familia ni zako, na unaweza kutoa nakala ukabaki na asili. Unapokabidhi, andika kwenye karatasi moja: zilitoka nyumba gani, nani alizitunza, zilikaa wapi tangu 1979, na nini kimepotea.