Kabla ya Kugusa Bitkoini Halisi: Maandalizi ya Mtengeneza Programu

Ukikosea namba ya M-Pesa, bado unaweza kuomba muamala urudishwe. Bitkoini haina mlango huo. Muamala ukishazikwa chini ya bloku kadhaa (bloku ni kama kurasa za daftari la pamoja la miamala), umekwenda, hata kama kosa lilikuwa nukta moja kwenye msimbo wako. Kwa hiyo, anayetaka kutengeneza programu ya kupokea au kutuma bitkoini, iwe ya duka la mtandaoni au ya kikundi cha kuweka akiba, aandae mahali pa kujaribia kabla hajaandika mstari wa kwanza. Kazi hiyo haigharimu hata senti.

Jambo la kwanza ni kuchagua mtandao wa majaribio, na hapa wengi hupoteza muda bure. Testnet3, ulio mkongwe, una kanuni kwamba dakika 20 zikipita bila bloku kupatikana, ugumu wa kuchimba, yaani kazi ya kompyuta ya kutengeneza bloku mpya, hushuka hadi 1. Watu waliitumia kanuni hiyo vibaya, bloku zikawa zinamiminika kwa mafuriko, na sarafu zake ambazo hazikupaswa kuwa na thamani zikaanza kuuzwa. Testnet4, ulioingizwa katika toleo la 28.0 la Bitcoin Core (programu ya kuendesha bitkoini) mwaka 2024, ulirekebisha baadhi ya hayo, si yote. Signet, uliokuja na toleo la 0.21 mwaka 2021, umetulia zaidi kwa sababu bloku zake lazima zitiwe saini na waliokabidhiwa kazi hiyo, hivyo hutoka kila baada ya dakika 10 hivi. Wa mwisho ni regtest. Huu unaishi ndani ya kompyuta yako mwenyewe, na bloku inachimbwa pale unapoagiza.

Ushauri wangu ni huu: anza na regtest, malizia na signet. Testnet iache mpaka ushirikiane na mtu anayeitumia.

Regtest inatufaa hasa sisi tunaonunua bando na kukatikiwa umeme. Mnyororo halisi wa bitkoini, yaani bloku zake zote tangu mwanzo, umeshapita GB 600, lakini hapa huuhitaji. Regtest inaanzia bloku ya sifuri na inakula nafasi ndogo sana. Ukishapakua Bitcoin Core, hata intaneti si lazima. Pakua kutoka tovuti rasmi, kisha linganisha faili ulilopata na orodha ya SHA256SUMS (alama za utambulisho za kila faili) inayotolewa pamoja nalo, na uhakiki saini za orodha hiyo. Usiruke hatua hii kwa kuwa "ni majaribio tu", maana kompyuta hiyohiyo ndiyo yenye barua pepe zako na nywila zako.

Nodi (Bitcoin Core inayoendeshwa kwenye kompyuta yako) ikiwaka, tengeneza pochi kwa amri ya createwallet, pata anwani kwa getnewaddress, kisha chimba bloku 101 kwa generatetoaddress. Kwa nini 101? Kwa sababu zawadi ya mchimbaji haitumiki mpaka bloku 100 nyingine zijengwe juu yake. Ukichimba moja na kuona salio linalotumika ni sifuri, usidhani umeharibu kitu. Weka pia fallbackfee, yaani ada ya akiba, kwenye faili la mipangilio, kwa kuwa regtest haina msongamano wa miamala wa kukadiria ada, na bila hiyo nodi itakataa kutuma. Jua vilevile kwamba zawadi hapa inapungua nusu kila baada ya bloku 150, si 210,000 kama kwenye mtandao halisi.

Sasa tuje kwenye utenganisho, ambao ndio moyo wa maandalizi yote. Maneno ya siri ya pochi yako halisi yasiingie kamwe kwenye mazingira ya majaribio, hata kwa dakika moja. Tengeneza mapya. Anwani zitakusaidia kutambua ulipo: za sasa za mtandao halisi huanza na bc1, za testnet na signet na tb1, za regtest na bcrt1. Kwa kuwa testnet na signet zinatumia mwanzo mmoja, usitegemee anwani peke yake. Programu yako ikiwaka tu, iiulize nodi kwa getblockchaininfo, isome sehemu ya chain, na kama jibu si mtandao uliokusudia, igome kuendelea. Poti nazo, yaani namba za milango ambayo programu yako huongea na nodi kupitia kwayo, zinatofautiana: 8332 ni ya mtandao halisi, 18443 ya regtest, 38332 ya signet. Ziandike kwenye mipangilio, usizichomeke ndani ya msimbo. Nodi isikilize 127.0.0.1 pekee, yaani kompyuta yako yenyewe. Faili lenye nywila liwekwe kwenye .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, inayaacha) kabla ya kuhifadhi chochote, kwa sababu Git haisahau. Ukifuta kesho, historia ya leo bado inasomeka.

Hifadhidata nayo iamuliwe mapema. Bitkoini moja ni satoshi 100,000,000, nawe hifadhi satoshi kama namba kamili. Lugha nyingi za programu hujumlisha 0.1 na 0.2 zikakupa 0.30000000000000004, na uchafu wa namna hiyo haufai kwenye pesa za watu.

Kisha andika orodha ya mabaya unayotaka kuyaona. Majaribio mengi huishia pale malipo yanapofika salama, na hapo programu haijajaribiwa. Mteja akiongeza ada kwa bumpfee kabla ya uthibitisho, muamala mpya unakuja na utambulisho mpya; programu inayofuata utambulisho wa zamani itasubiri hadi kesho, ilhali pesa zimefika kwenye anwani ileile. Tumia invalidateblock uone bloku ikiondolewa: je, agizo ulilokwisha kuliita "limelipwa" linarudi kusubiri? Washa nodi mbili zenye folda na poti tofauti, zitenganishe, tumia sarafu moja kwa njia mbili, kila upande uchimbe bloku zake, kisha ziunganishe uone upi unashinda. Zima nodi katikati ya malipo. Tuma taarifa moja ya malipo mara mbili, uone kama mteja anaongezewa salio mara mbili.

Kama programu itabadilisha shilingi za Kenya, Daraja ya Safaricom, mfumo wa kuunganisha programu na M-Pesa, ina mazingira yake ya majaribio. Majibu yake yanatumwa kwenye anwani inayofikika kutoka intaneti, hivyo andaa hiyo mapema.

Yote haya yaweke kwenye hati moja ya amri: inafuta folda ya regtest, inawasha nodi, inatengeneza pochi, inachimba bloku 101. Mwenzako akijiunga na kazi, ataanzia mlipo ninyi nyote.

Regtest ikishapita, nenda signet na uombe sarafu kwenye tovuti zinazozigawa bure. Huko bloku haitii amri yako. Utasubiri dakika 10, pengine 30, na utaona kama skrini yako inamwambia mteja kwamba pesa zake zimeonekana na zinasubiri uthibitisho, au inamwacha akibonyeza "Lipa" mara ya pili.