Kukamua dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) kwa mkono: namna ya kumwelekeza mama

Mtoto akishindwa kushika titi, au akilazwa mbali na mama, ukamuaji uanze ndani ya saa 1 baada ya kujifungua ikiwezekana, na usichelewe kupita saa 6. Pampu isubiri. Siku ya kwanza mtoto hunywa mililita 2 hadi 10 tu kwa mlo, na dang'a ni nzito: ukitumia pampu, sehemu yake inaweza kuishia kunata kwenye chupa.

1. Matayarisho. Mama anawe mikono, aketi vizuri, mtoto awe kifuani ngozi kwa ngozi kama yupo. Apapase titi lote dakika 1 au 2. Homoni ya oksitosini ndiyo inayobana vifuko vya maziwa, na maumivu au hofu huizuia. Kwa hiyo usimkamue wewe. Onyesha kwa titi la kitambaa, mikono yako ibaki kwako.

2. Vidole. Kidole gumba juu, cha shahada chini, vitazamane, sentimita 2 hadi 3 kutoka shina la chuchu. Apime kwa umbali huo, asifuate mpaka wa sehemu nyeusi, maana upana wake hutofautiana sana. Vitabu vya zamani vilichora vihifadhi vya maziwa nyuma ya chuchu. Uchunguzi wa ultrasaundi uliochapishwa mwaka 2005 haukuviona, bali ulikuta takriban asilimia 65 ya tishu za tezi ziko ndani ya milimita 30 kutoka shina la chuchu.

3. Mkamuo. Asukume vidole nyuma kuelekea mbavuni, kisha avibane pamoja, kisha aachie. Sukuma, bana, achia. Hatua ya kusukuma ndiyo inayorukwa mara nyingi, na bila hiyo mama anafinya ngozi tu. Vidole visiteleze: vikiteleza, ngozi inachubuka. Akisikia maumivu, ama anavuta ngozi ama anabana chuchu yenyewe.

Matone yanaweza kuchukua dakika moja au mbili kutokea. Wengi hukata tamaa kabla. Yakitoka, yakingwe kwa kijiko, au yanyonywe pale pale kwenye chuchu kwa sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano.

4. Kuzungusha. Mtiririko ukipungua, ahamishe vidole kulizunguka titi, kisha aende titi la pili, arudi tena la kwanza.

5. Marudio. Mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo, kwa kuwa prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Akiuliza kwa nini anahangaikia matone, mwambie wazi: leo tunahesabu mara, si mililita.

Maziwa hujaa pale projesteroni, homoni ya ujauzito, inaposhuka baada ya kondo la nyuma kutoka, kwa kawaida kati ya saa 30 na 72. Saa 72 zikipita titi bado laini, uliza kuhusu kuvuja damu nyingi, kisukari, na kama kondo lilitoka lote. Kipande kilichobaki huendelea kutoa projesteroni, na hapo hakuna ukamuaji utakaosaidia: mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.