Kumtafuta chui milia Kanha: zima gari, usikilize

Nimeongoza watalii Serengeti miaka 14. Kule simba tunamtafuta kwa macho: darubini, uwanda, na mwenzako anakuita kwenye redio. Nilipokwenda Kanha, katikati ya India, siku mbili nzima macho hayo hayakunifaa. Miti ya sal na mianzi imesongamana. Chui milia akilala hatua ishirini kutoka barabarani, humwoni.

Nenda kati ya Machi na Mei. Joto linapita nyuzi 40, lakini nyasi zimepungua na maji yamebaki madimbwi machache. Julai hadi Septemba hifadhi hufungwa kwa mvua. Kibali kata mapema mtandaoni, na pasipoti uliyojiandikishia uende nayo getini.

Alfajiri anza na vumbi la barabarani, maana chui milia hupenda kupita palipo laini. Wayo wa dume unakaribia mraba, wa jike umerefuka kidogo. Ukiukuta juu ya alama ya tairi, amepita baada ya gari hilo. Mwombe dereva azime injini, mnyamaze.

Sasa tega sikio. Chital, yule kulungu wa madoa meupe, hupiga ukelele mwembamba, lakini ni mwoga; hata chui wa kawaida humliza. Langur, tumbili mwenye mkia mrefu, akikohoa juu ya mti, tazama anakoelekeza uso. Ninayemwamini zaidi ni sambar, kulungu mkubwa wa rangi ya udongo: “Dhonk!” moja nzito. Akirudia huku mkia umesimama na mguu unapiga chini, chui milia yupo.

Na pua pia. Muongozaji wetu, mtu wa kabila la Gond wa kijiji cha jirani, alisimamisha gari chini ya mti ulioinamia njia, akaniambia ninuse gome. Lilinukia wali wa basmati ulioanza kuiva! Ndivyo inavyonukia alama ya mkojo anayorusha chui milia kuweka mpaka wake.

Siku ya tatu sambar alilia mara nne. Hatukusogea. Jike akatoka kwenye mianzi, akakatiza mbele yetu, madoa meupe nyuma ya masikio yakionekana wazi. Akitoka hivyo, tafadhali, gari lisimzibe njia wala lisimfuate. Dereva wetu hakugusa ufunguo mpaka mkia ulipopotea. Sambar akalia tena, mbali kidogo, upande alikoelekea.