Sayari ya Kikuku: mwongozo kwa mzazi wa ughaibuni anayetaka mtoto asipoteze Kiswahili

Mwanangu wa kwanza alipotimiza miaka saba, tulikuwa na miaka mitano hapa Leeds, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki cha jikoni: njoo ule, vaa soksi, zima taa. Nikimuuliza habari za shule ananijibu kwa Kiingereza. Hakuwa mbishi. Mambo hayo aliyajulia kwa Kiingereza, basi yakabaki huko huko. Volkano, dinosaria, mapiramidi, kote nilikotaka kumpeleka nilikuta mwalimu wake ameshatangulia. Nikaona kumgombeza hakutasaidia. Nilihitaji mahali ambapo Kiswahili kitafika kwanza.

Usiku mmoja wa Novemba, jua la huku likiwa limezama tangu saa kumi jioni, nikamwambia tutunge sayari. Iwe kubwa, ya gesi, yenye pete kama Zohali. Iwe na viumbe, na watu wawe wamehamia huko. Sharti ni moja tu: huko kinazungumzwa Kiswahili. Huu ni mwaka wa nne. Mdogo wake ameshaingia, na bibi yao wa Tanga naye ameingia kwa ujumbe wa sauti. Nimeandika hapa yaliyotufaa, nawe uchukue yatakayokufaa.

Anzeni na Zohali yenyewe

Mtoto ukimwambia "tunga chochote" atakutungia katuni aliyoitazama jana. Mpe kwanza mambo ya kweli, kwa Kiswahili, kisha umwachie. Zohali ina upana wa zaidi ya mara 9 ya Dunia, na sehemu kubwa ni hidrojeni na heliamu. Ni nyepesi kiasi kwamba, ukilinganisha ujazo kwa ujazo, maji ni mazito kuliko yenyewe. Pete zake kuu zina upana wa kilomita 280,000 hivi kutoka ukingo hadi ukingo, lakini unene wake sehemu nyingi ni kama mita 10 tu. Mimi nilimwonyesha nyumba ya ghorofa tatu iliyo mtaani kwetu, nikamwambia unene ndio huo. Kisha nikamwambia kwamba pete hizo ni vipande vya barafu, vingine vidogo kama vumbi, vingine vikubwa kama nyumba. Alinyamaza kwa muda mrefu.

Siku moja ya Zohali ni saa 10 na nusu hivi, na mwaka wake ni zaidi ya miaka 29 yetu. Hapa usipite haraka. Watoto wetu wanachanganyikiwa na saa za Kiswahili, kwa sababu shuleni wanaambiwa "seven" na nyumbani tunasema saa moja. Mwambie aeleze siku ya huko: jua linachomoza, saa ya kwanza inaanza, linazama baada ya saa tano hivi. Wangu alielewa kwa nini tunahesabu kuanzia asubuhi alipoanza kupanga ratiba ya shule ya sayari nyingine.

Ikiwezekana, mwonyeshe kwa macho. Nyota humetameta, Zohali hutulia, na rangi yake ni ya manjano iliyofifia. Pete huzioni kwa macho matupu, ila darubini ndogo inayokuza mara 30 inatosha. Usikimbilie kununua. Miji mingi ya Ulaya na Marekani ina vyama vya wapenda astronomia, na vyuo vikuu huwa na usiku wa kuwafungulia watu milango bure. Tarehe 4 Oktoba 2026 Zohali itakuwa upande wa pili wa Dunia, ikikabiliana na jua, kwa hiyo itachomoza jua linapozama na kuonekana usiku kucha. Sisi wa kaskazini tutazame kusini. Hapa Leeds haifiki hata nusu ya njia ya kwenda utosini, wakati Tanga itakuwa juu karibu kabisa na utosi. Mwezi Machi 2025 pete zilitukabili kwa ukingo, kama sahani uliyoiinua usawa wa macho, zikawa kama hazipo. Sasa zinafunguka zaidi mwaka hadi mwaka, mpaka miaka ya 2031 na 2032.

Mwambie pia kwamba Galileo mwenyewe, mwanasayansi wa Italia, alipoitazama kwa darubini mwaka 1610 alidhani ni magimba matatu yaliyosimama pamoja, na ni mwaka 1659 ndipo Mholanzi Christiaan Huygens alipoeleza kwamba ni pete. Mtoto anayeogopa kukosea Kiswahili anahitaji kusikia habari hiyo.

Jina na viumbe

Nilimtumia Bibi picha ya Zohali nikamwomba atupe jina la sayari yetu. Akajibu: "Hiyo si pete. Pete inakamata kidole. Hiyo imejiachia, haigusi. Hicho ni kikuku." Siku hiyo wanangu walijifunza kikuku, bangili, mkufu, herini na kipini kwa dakika tano, kwa sababu Bibi aliwatumia picha za vyake, kimoja kimoja, akivitandaza juu ya kanga kitandani. Sayari ikaitwa Kikuku.

Shida ya kwanza ni kwamba sayari ya gesi haina mahali pa kusimama. Ukishuka, hewa inazidi kuwa nzito na joto linapanda hadi unapondeka. Basi kila kiumbe cha huko lazima kielee, kiruke au kizame. Mwaka 1976 wanasayansi Carl Sagan na Edwin Salpeter waliwaza hivyo kuhusu Mshtarii (Jupiter), sayari nyingine ya gesi: kungekuwa na viumbe vinavyoelea kama maputo, vingine vinavyozama polepole, na vingine vinavyowinda. Na hata puto si jambo jepesi huko. Hewa ya huko sehemu kubwa ni hidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, kwa hiyo puto la heliamu lingezama. Kinachoweza kuelea vizuri ni mfuko wa hidrojeni iliyopashwa joto. Mwanangu akaamua kwamba viumbe wake wana homa maisha yao yote.

Majina tuliyatoa kwenye vitenzi, na hapa ndipo Kiswahili kinapomfungukia mtoto. Kutoka kuelea tukapata kielea. Kutoka kuzama, mzamaji. Kutoka kuwinda, mwindaji. Binti yangu mdogo aliposema "kielea hiki kinaelea", sikumkatiza. Nikarudia tu kwenye hadithi yangu: "Ehe, kielea huyu anaelea, akamwona mwenzake." Kama vile kiboko anakula na kipepeo anaruka, kiumbe hai anachukua huyu na yule hata jina lake likiwa na ki. Baada ya wiki kadhaa alikuwa akimsahihisha kaka yake. Daftari la sarufi nililonunua sokoni Kariakoo lilikaa kabatini miaka miwili bila kufanya kazi hiyo.

Akikosa neno, asirukie Kiingereza. Afundishwe kuzunguka: "kile kitu cha kushikia", "ile hali ya kutokuwa na uzito". Roketi, oksijeni, roboti na kompyuta ziacheni zilivyo, ni maneno yetu pia. Na kama baba ni wa Bukavu na mama wa Mombasa, msigombanie nani anasema sawasawa. Wape vitongoji viwili vyenye maneno tofauti, na mtoto awe mkalimani.

Koloni, walowezi au kitongoji?

Neno hili lilituchukua mwezi mzima, nami naona ndilo lililokuwa na faida kuliko yote. Niliandika kwenye daftari "makoloni ya Kikuku", kama inavyoandikwa kwenye habari za anga. Mwanangu alipomsomea Bibi, Bibi akauliza papo hapo: "Koloni la nani? Nani anawatawala?" Bibi alizaliwa kabla ya Uhuru. Kwake koloni si nyumba za vioo angani, ni kodi ya kichwa na mashamba ya mkonge.

Tukajaribu walowezi. Nikamweleza mwanangu kwamba linatokana na kulowea. Mtu akienda mahali, pakamnogea, akakaa asirudi, kwetu husemwa amelowea. Akatulia, kisha akauliza: "Mama, sisi tumelowea?" Nikaweka kikombe chini. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui bado, na kwamba hilo ni swali la kumuuliza baba yake pia. Tulizungumza mpaka saa tatu usiku, kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, juu ya jambo lisilohusu chakula wala soksi. Kwetu ilikuwa mara ya kwanza.

Mwishowe tulichagua kitongoji. Kikuku ina vitongoji vinavyoelea na vingine kwenye miezi yake. Kwenu mnaweza kuchagua makazi, kituo au mtaa. Ila mchague pamoja, na mtoto aseme sababu.

Kijana wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne viumbe wa kuelea hawamtoshi. Mpe haki na sheria. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema hakuna taifa linaloweza kudai kumiliki mwezi au gimba lolote la angani. Muulize: barafu ya pete ni ya nani? Anayeichimba aiuze au aigawe? Ukitaka mjadala uwake, mkumbushe kwamba mwaka 1884 na 1885 wakubwa wa Ulaya walikaa Berlin wakapatana namna ya kugawana Afrika, bila Mwafrika hata mmoja mezani. Atatafuta maneno ya kubishana, na yapo tele: dhuluma, hati, mpaka, fidia, baraza.

Maji, moto na chombo

Mwachieni Bibi au Babu aulize maswali. Wazee wetu wamewahi kuhama, wamewahi kuchota maji mbali, wanajua kinachohitajika mtu akianza maisha mahali papya. Bibi aliuliza: "Na maji wanachota wapi?" Mwanangu akamjibu kwamba wanachota kwenye pete, kule maji ni mawe. "Basi wayeyushe. Kuni wanazo?"

Swali la kuni lilitupa jioni mbili. Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, una ziwa baada ya ziwa la metheni, gesi ile ile inayotoka kwenye mitambo ya samadi wanayopikia baadhi ya wafugaji kwetu. Lakini huko baridi ni kama nyuzi 179 chini ya sifuri, na hakuna oksijeni ya kuuwasha moto. Mafuta yamejaa na jiko haliwaki. Bibi alisikitika kweli kweli. Enkeladus, mwezi mdogo wenye upana wa kilomita 500 hivi, una bahari chini ya ganda la barafu na unarusha mvuke wa maji angani kupitia nyufa za kusini. Wanangu wakajenga kisima chao hapo.

Kwa safari, msihangaike kutafuta msamiati mpya. Lugha yetu ni ya bahari, na bahari inatosha. Pwani jahazi huitwa chombo, na kinachokwenda angani nacho ni chombo. Kina nahodha, mabaharia, shehena, bandari na nanga. Waeleze jinsi majahazi yalivyosubiri upepo wa kaskazi kuja huku kwetu kutoka Uarabuni, na ule wa kusi wa kuyarudisha. Chombo Cassini nacho kilisubiri na kuzunguka. Kiliondoka Oktoba 1997, kikapita Zuhura mara mbili, Dunia mara moja na Mshtarii, kila mara kikiongezewa mwendo na mvuto wa sayari, na kikafika Zohali Julai 2004. Ni safari ya karibu miaka saba. Aliyeondoka akiwa darasa la kwanza angefika akiwa amemaliza la saba.

Na wasidhani habari za anga ni za wengine. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru.

Utaratibu

Sisi tunafanya mara tatu kwa wiki, dakika ishirini, taa kubwa imezimwa. Tunafungua kwa "Paukwa", wanajibu "Pakawa". Kila mara mmoja anaacha hadithi njiani ili mwingine aendeleze kesho yake. Daftari ni moja, anayeandika ni mtoto, na makosa ya tahajia siyagusi. Wiki za mitihani tunapumzika bila kujilaumu.

Ujumbe kwa Bibi tunautuma Jumamosi, na lazima uanze na shikamoo, hata kama unatoka Kikuku. Mawimbi ya redio kutoka Zohali huchukua dakika 70 hadi 90 kufika hapa, kwa hiyo mwanangu akishatuma huhesabu dakika themanini kabla ya kuruhusu mtu kufungua jibu. Jibu la Bibi likiwahi, linasubiri.

Jumbe hizo usiziache kwenye simu. Simu huibwa, hudondoka, hujaa. Mimi nilipoteza za mwaka mzima wa kwanza, pamoja na ile ya kikuku, na sasa naikumbuka kwa maneno tu, sauti sina. Kila mwisho wa mwezi zihamishie kwenye kompyuta, na nakala nyingine kwenye diski ya pembeni, kila faili na tarehe yake. Muulize mtoto kila moja iitwe nini. Ya Jumamosi iliyopita ameiandika: "Bibi anauliza kama huko kuna nazi."