Jinsi ya kuonekana na marikruta LinkedIn ukiwa Arusha au Moshi

Wadogo zangu wa Arusha na Moshi mnaokesha mnaandika programu, naomba mnisikilize kidogo, maana natumiwa sana profaili za LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, nizipitie na karibu zote zina ugonjwa mmoja, mtu kazi anaijua kweli ila profaili yake haisemi kafanya nini. Rikruta, yaani mtu anayezitafutia kampuni wafanyakazi, hakujui, hajawahi kupita Sakina wala Rau, anachofanya ni kuandika maneno kwenye sehemu ya kutafutia, cheo cha kazi, lugha ya programu, nchi, halafu anapitia majina yanayotokea. Kama neno alilotafuta halipo kwako basi hutokei, hata uwe fundi kiasi gani. Kizuri chajiuza ni kweli sokoni Kilombero kwasababu mteja anapita mbele ya meza yako, huku mtandaoni lazima kwanza apajue ulipo.

Kwahiyo anzia kwenye ule mstari ulio chini ya jina lako. Una nafasi ya herufi 220 na watu wengi wanaipoteza bure kabisa. Juzi nilikaa na dogo mmoja Njiro, tunakunywa chai ya tangawizi laptop iko katikati yetu, mstari wake unasomeka "Tech Enthusiast, Dreamer, Future CEO". Nikamuuliza wewe kila siku unafanya nini hasa? Akasema kaka, nimetengeneza mfumo wa kubuki safari wa kampuni moja ya utalii, mgeni anachagua siku za Serengeti na Ngorongoro, anaona bei, analipa kwa kadi, dereva anapata meseji kwenye simu. Nikamwambia mbona sioni hata neno moja la hayo? Akajibu, "kaka si nilijua hiyo ni kazi ya mtaani tu." Niliumia kwakweli, maana mfumo unaopokea hela za watu na hauharibiki msimu wa wageni ukipamba moto ndo kazi yenyewe hiyo, kuna watu wana vyeti kumi na hawajawahi kugusa kitu kinachotumiwa na mteja halisi.

Tukafuta tukaandika "Backend Developer | Python, Django, PostgreSQL | Payments and booking systems". Kwa Kiingereza, ndiyo, kwasababu anayetafuta anaandika Kiingereza, na cheo kiwe kile kinachojulikana kwenye matangazo ya kazi, usijitungie cha kwako.

Halafu tukaingia kwenye sehemu ya uzoefu, na hapa ndo naomba utulie, usiharakishe. Alikuwa ameandika jina la kampuni na miaka, basi. Nikamwambia nieleze kulikuwa na shida gani, ulifanya nini, na baada ya hapo nini kilibadilika. Ikatoka hivi: zamani bei zilikuwa zinapigwa kwenye Excel, mgeni anaandika leo anajibiwa kesho, yeye akajenga sehemu inayokokotoa bei yenyewe kwa idadi ya watu, siku na viingilio vya hifadhi, sasa mgeni anaona bei hapo hapo. Mistari mitatu tu, na rikruta akisoma anaelewa huyu mtu anajua kazi. Kama una namba ya kweli iweke, kama huna usibuni, maana kwenye intavyuu utaulizwa uliipimaje na hapo utatafuta pa kuficha uso. Na kazi yoyote ya hapa inahesabika, mfumo wa stoo wa duka la Moshi mjini, wa michango ya kwaya, hata wa chama cha wakulima wa kahawa, ilimradi kuna watu wanautumia.

Sehemu ya maelezo binafsi inabeba herufi 2,600 ila usiijaze, kinachoonekana kabla mtu hajabonyeza kusoma zaidi ni mistari michache ya mwanzo, kwahiyo weka kazi yako hapo juu, usianze na ulizaliwa wapi. Picha ipige mchana kivulini, uso uonekane, inatosha. Kwenye ujuzi toa mambo ya Microsoft Word, acha yale unayotafutia kazi.

Sasa GitHub, ule mtandao wa kuweka kodi za programu zako, maana rikruta akikupenda anampelekea injinia wa kwao na yule anaingia huko moja kwa moja. Unaweza kubandika miradi 6 juu ya ukurasa wako, ila mi naona miwili iliyokamilika inazidi sita ya mafunzo ya YouTube. Kila mmoja uwe na README, yaani faili la maelezo, inayosema unafanya nini na unawashwaje, na picha moja ya skrini. Hakikisha pia ile imeili iliyo kwenye git, programu inayotunza historia ya kodi, ya laptop yako umeiunganisha na akaunti yako ya GitHub, isipokuwepo kazi yako haihesabiki kuwa ya kwako, unakuta mtu kafanya kazi mwaka mzima ukurasa mweupe. Na tafadhali sana, funguo za malipo, yale maneno ya siri yanayounganisha programu yako na mfumo wa malipo, zisiingie kwenye mradi wa wazi. Ukizifuta leo bado zipo kwenye historia, kwahiyo ukikosea zibadilishe kabisa kule zilikotoka.

Location andika Arusha au Moshi, Tanzania, usidanganye uko London. Ile alama ya LinkedIn ya kutafuta kazi, Open to Work, ina namna mbili, ionekane na marikruta tu au na kila mtu kwa fremu ya kijani. Kama una kazi chagua ya kwanza, ila jua LinkedIn wenyewe hawakuhakikishii kwamba ofisini kwako hawatajua.

Rikruta akikuandikia, mjibu siku hiyo hiyo, kwa ufupi. Anayekuomba hela ya fomu au ya mafunzo ndo upate kazi, huyo ni tapeli, mblok. Na kwenye muda wa intavyuu kuwa makini, tuseme kampuni iko Berlin, Ujerumani, sisi tuko mbele yao kwa saa mbili kipindi chao cha baridi na saa moja kipindi cha joto, kwahiyo akikwambia 3 PM ya kwao mwezi wa kwanza, kwako ni saa kumi na moja jioni, sio saa tisa. Mjibu ukiandika saa zote mbili, ya kwake na ya kwako, halafu chaji laptop mapema na bando liwepo kwenye simu, maana umeme ukikatika katikati ya maongezi yeye kule hawezi kujua ni umeme.