Kabla ya kununua ruta, soma kasi ya tundu la WAN

Nimegundua juzi kilichokuwa kikibana intaneti yangu: tundu la waya, wala si mawimbi. Ukienda kununua ruta, usiishie kwenye namba kubwa ya mbele. Geuza boksi, utafute kasi ya tundu la WAN, pale unapochomeka waya wa intaneti. Ukikuta 10/100 (yaani mwisho wake megabiti 100 kwa sekunde) iache, ukikuta 10/100/1000 au Gigabit chukua. Ile namba ya mbele, mfano AC1200, ni jumla tu ya kasi za bendi mbili, yaani njia mbili za mawimbi ya waifai, takriban megabiti 300 za GHz 2.4 na 867 za GHz 5, na simu kwa kawaida hushika bendi moja kwa wakati. Tundu likiwa la megabiti 100 kwa sekunde, hakipiti zaidi ya hapo hata waifai iwe na mbio kiasi gani. Mimi nililipia kifurushi cha megabiti 200, kipimo kikagota kwenye 94 kila siku, na iliniuma sana. Kagua na waya wenyewe: uzi mmoja kati ya 8 za ndani ukikatika, kasi inaweza kushuka hadi 100 hata kwenye ruta nzuri. Kifurushi chako kikiwa chini ya 100, hutaona tofauti. Kama shida ni kuta nene, tundu halisaidii. Anza kwa kuisogeza ruta katikati ya nyumba.