Kusimamisha pikipiki kwa dharura na kukwepa ajali

Waendesha pikipiki wengi wamefundishwa kuiogopa breki ya mbele kwa hoja kwamba itawarusha juu ya usukani. Matokeo yake, gari linapochomoka mbele yao, wanaikanyaga breki ya nyuma peke yake kwa nguvu zote, gurudumu la nyuma linajifunga, tairi linaburuzika, na pikipiki inazidi kwenda mbele huku mwendo ukipungua kidogo sana. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli, lakini kinachomwangusha mtu ni kuikwapua breki ya mbele kabla tairi halijapata mzigo wa kutosha.

Unapoanza kufunga breki, uzito wa pikipiki na wa aliyeipanda huhamia mbele: shokamzoba za mbele zinazama, tairi la mbele linakandamizwa kwenye lami na kushika vizuri zaidi, na la nyuma linakuwa jepesi. Ndiyo maana katika barabara kavu sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha, mara nyingi asilimia 70 au zaidi, hutoka mbele. Kwa hiyo bana mkono wa breki kwa hatua mbili zinazofuatana bila kukatika: kwanza ubane kiasi cha kuzamisha shokamzoba, kisha uongeze nguvu mfululizo kadiri tairi linavyozidi kushika. Hatua ya kwanza huchukua muda mfupi mno, pengine chini ya nusu sekunde, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kusimama na kuteleza. Breki ya nyuma ikanyagwe wakati huohuo, kwa wepesi, na mguu uzidi kulegea kadiri uzito unavyohamia mbele. Ukiwa umebeba abiria au mzigo nyuma, tairi la nyuma linashika zaidi, hivyo unaweza kulikanyagia zaidi.

Funga kaba (mshikio wa kuongeza mafuta), bana klachi, na ushuke gia hadi ya kwanza huku ukipunguza mwendo, ili ukisimama uweze kuondoka upesi endapo kioo kinakuonyesha gari la nyuma halisimami. Mwili ubaki wima, magoti yabane tangi, mikono isijikaze, na macho yatazame mbali mbele. Anayekitazama kizuizi huishia kukifuata.

Gurudumu la mbele likijifunga, legeza breki hiyo mara moja kisha uibane upya kwa taratibu. Kwa la nyuma tahadhari ni nyingine: ikiwa pikipiki bado imenyooka, unaweza kulegeza mguu, lakini ikiwa mkia umeshakwenda upande, kuachia ghafla kunaweza kulifanya tairi lishike tena kwa kishindo na kukurusha hewani, hivyo ni afadhali kushikilia mpaka pikipiki isimame. Pikipiki yenye ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, haihitaji ufundi huu wote: bana kwa nguvu, vumilia mtetemo, wala usiachie hadi usimame.

Kwenye kona, inyooshe pikipiki kwanza ikiwa nafasi ipo, ndipo ufunge breki kwa nguvu. Tairi lililolala limeshatumia sehemu ya uwezo wake kukupitisha kwenye kona. Mchanga, matope, mafuta na mistari ya rangi yenye maji hudai mkono mwepesi zaidi.

Nafasi ya kusimama isipotosha, kwepa. Ukitaka kwenda kulia, sukuma mbele mshikio wa kulia. Pikipiki italala kulia na kugeuka papo hapo, jambo linalowashangaza wengi wanapolijaribu mara ya kwanza. Usifunge breki kwa nguvu na kukwepa kwa wakati mmoja: punguza mwendo, achia, kisha kwepa, au kwepa, nyoosha, kisha funga.

Hakuna ufundi unaofuta hesabu ya mwendo. Kwa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja ya kushtuka inakula umbali huo kabla breki haijaguswa, na baada ya hapo unahitaji mita kama 20 nyingine hata kwenye lami kavu na breki nzuri. Kwa kilomita 30 jumla inashuka hadi mita 13 hivi. Kwa sababu hiyo, kila unapokaribia makutano au gari linalosubiri kuingia barabarani, weka vidole viwili juu ya mkono wa breki mapema, na umwache aliye mbele yako umbali wa angalau sekunde 2, uuongeze maradufu mvua inaponyesha.

Mazoezi yafanyike kwenye uwanja mtupu wenye lami kavu, ukiwa umevaa kofia ngumu, glavu na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu. Anza kwa kilomita 20 kwa saa ukitumia breki ya mbele peke yake, mpaka uhisi shokamzoba zikizama kabla hujaongeza nguvu. Ongeza breki ya nyuma. Kisha panda hadi 30 na 40, na urudi kwenye mwendo wa chini kila gurudumu linapojifunga.